Usiwaondoe Wapishi wa Jiko la Tatu

Deo mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia unavyokoroma chumba cha pili, na wewe ukizinduka sasa hivi utanisikia nikikohoa hapa mezani. Kati yetu kuna ukuta mmoja tu wa tofali. Nakuandikia kwa sababu tangu Jumapili kila tukianza kuongea tunaishia kugombana, na mimi nikigombana husahau nusu ya hoja zangu, halafu zinanijia nikiwa peke yangu shambani, hakuna wa kumpiga nazo. Isome barua hii kesho, basi la Mwanza likisimama Biharamulo, pale wanapopitisha mahindi ya kuchoma dirishani. Usiisome kabla ya hapo. Nakujua, utashuka urudi na majibu.

Habari za shuka na sabuni, na za kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako, baba yako amekwisha kuzisema. Amezisema mpaka kuku wa hapa nyumbani wamezishika. Mimi nakuandikia habari za vita.

Vita vyetu, vya Mahera. Na nitaandika hata yale unayoyajua, ili siku moja wanao wakiiokota barua hii wasidhani bibi yao alirukwa na akili.

Nianze na Jumapili. Tulikuwa uani tunamenya mihogo, wewe, mimi na Bibi yako, simu yako ikaita. Alikuwa yule bosi wako mpya wa Mwanza, mwenye ofisi ya vijana wanaotengeneza michezo ya kwenye simu. Uliiweka spika kwa sababu mikono yako ilikuwa na utomvu wa mihogo. Nadhani pia ulitaka tusikie unavyosifiwa, na alikusifu kweli. Alisema dunia ya Mahera uliyowaletea ni kali, ramani zako ni kali, Wasiolala wanatisha, ndiyo maana wanakuita ukaitengeneze pamoja nao. Nikavimba kichwa hapo. Halafu akaendelea.

“Ila Deo, hawa wapishi wanapunguza kasi. Mchezaji anataka kupigana, hataki kuangalia watu wanapika. Tuwaondoe. Na huyu jemadari bibi kizee, tumfanye binti, apendeze. Halafu vile vita vya daraja, hapana. Hakuna jeshi linalorudi nyuma kwa ajili ya watu wachache wa jikoni. Jumatatu tukikaa mezani tulimalize hilo.”

Na wewe, mtoto niliyemzaa mimi, ukasema, “Sawa bosi, tutaangalia.”

Tutaangalia! Jeshi likirudi nyuma, Deo, hupiga walau ngoma watu wajue. Bibi yako aliweka kisu chini akaingia ndani. Nilipokuuliza umekubali vipi, ukanijibu huku unafuta mikono kwenye jani la mgomba, “Mama, si ni mchezo tu?”

Neno hilo ndilo lililoniketisha hapa. Wanasema hasira hasara. Yangu haijanitia hasara bado, imenilimia mashamba mawili na kukulea wewe.

Mahera ni nchi isiyokuwepo. Niliianzisha mimi na watoto wenzangu kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole, juu ya udongo mwekundu katikati ya mahema ya turubai. Wakubwa walikuwa wamekatazana kuzungumzia vita vya kweli mbele yetu, na mtoto ukimkataza kitu atakitafutia jina lingine akicheze. Wenzangu waliacha. Wengine walirudi Burundi na wazazi wao, wengine walikua tu. Mimi sikuacha. Nilikuja na Mahera yangu hapa Nyamiaga nilipoolewa na baba yako, Mhangaza wa watu, mwenyeji wa huku Ngara, ambaye mpaka leo anaamini kwamba wanawake wote wa kwetu wakimaliza kuvuna hutandika mkeka na kupanga majeshi.

Ulikuwa hujaanza shule nilipokukalisha kwenye mkeka huo mara ya kwanza. Maharage mekundu walikuwa askari wetu. Mahindi meupe walikuwa Wasiolala. Magunzi yalikuwa milima, na kanga yangu iliyokunjwa ilikuwa Mto Rumira, unaomeza watu. Kijiti cha kuwashia moto kilikuwa daraja.

Unakumbuka nilivyokueleza Wasiolala? Watu wa majivu, warefu kupita migomba. Hawalali, hawali, hawachoki. Kila mmoja ana namba kwenye paji la uso, na mfalme wao huwahesabu asubuhi na jioni, huhesabu na adui zake pia, kwa ngao zao. Akishajua wewe una ngao ngapi, anajua na siku utakayoshindwa. Wahenga walisema adui yako mwombee njaa. Sasa adui asiyekula utamwombea nini?

Mbele yao nilimsimamisha Jemadari Kazuba. Mwanamke mzee, mnene, visigino vimepasuka kwa kutembea, na kiunoni, pale wengine wanapochomeka upanga, amechomeka mwiko wa ugali. Ulimchora hivyo ukiwa darasa la tatu, nyuma ya daftari la hesabu, na mwalimu akakuchapa. Kazuba alikuwa na shida moja ambayo hakuna jemadari mwingine aliyewahi kuwa nayo. Watu wake hawahesabiwi.

Hilo sikulitunga. Kwetu watoto hawahesabiwi. Mtu akimuuliza Bibi yako ana wajukuu wangapi, anajibu, “Mungu amenipa,” basi, mazungumzo yamekwisha. Ukiwahesabu ni kama unamwonyesha mchukuaji pa kuanzia. Kwa hiyo jeshi la Kazuba lilijuana kwa majiko. Kila kundi lina jiko lake, kila jiko lina mpishi wake, na mpishi anajua kipimo cha mkono wake. Jioni akipakua na chakula kikabaki, kuna mtu hajarudi. Anapita kwa Kazuba anasema, chakula kimebaki. Kazuba anajua.

Sasa nikuambie nilivyoshindwa, kwa maana nilishindwa sana, na wewe ulikuwepo.

Tangu mwanzo niliwavizia Wasiolala usiku. Kila vita, usiku. Nilikuwa napanga maharage yangu nyuma ya gunzi, najifanya nazima taa, nanong'ona. Ulikuwa darasa la pili uliponitazama ukasema, “Mama, sasa tunawavizia usiku wa nini na hawalali?” Nilikuambia nyamaza, jemadari ni mimi. Tukapoteza bakuli zima la maharage, na Bibi akasema angalau yapelekwe jikoni yasiende bure.

Imenichukua muda mrefu kukubali kwamba ulikuwa umeniona. Aliyekuwa anaogopa usiku ni mimi. Nilikuwa nawapiga kwa kile kinachonitisha mimi, nikidhani na wao kitawatisha. Watu wengi wanapigana hivyo, Deo. Mwoga wa kuchekwa huenda kupigana kwa kucheka watu. Mwoga wa umaskini huwatishia wenzake kwa umaskini. Kabla hujaingia kwenye chumba cha Jumatatu, jiulize wewe unaogopa nini, usije ukaenda nacho mkononi ukidhani ni mkuki.

Kisha vikaja vita vya daraja. Bosi wako anadhani ulivitunga kwa ajili ya utamu.

Wasiolala walikuwa wametusukuma mpaka ukingo wa Rumira. Nikaamuru jeshi livuke. Maharage yakavuka juu ya kijiti, moja moja, na mahindi meupe yanakuja nyuma. Nilipoona upande wa huku umejaa, nikauliza kwa sauti ya jemadari, “Wote wamevuka?” Nikajijibu kwa sauti ya wakuu wa vikosi, “Wote!” Nikashika kijiti nikiondoe, daraja liungue.

Bibi yako alikuwa ameketi pale kwenye kizingiti anachambua mchele. Miaka yote ile hakuwahi kuingilia mchezo wetu, hata kwa kicheko. Siku hiyo akasema bila kuinua uso, kwa lafudhi yake ya Kirundi, “Chakura kimebaki.”

Nikamwambia, “Mama, huu ni mchezo tu.”

Soma tena hapo. Ni maneno yako ya Jumapili, yalitoka kinywani mwangu kwanza. Niliondoa kijiti. Bibi akainuka na ungo wake akatoka nje, na wewe ukainama ukachungulia upande wa pili wa kanga. Nyuma ya gunzi kulikuwa na maharage mekundu yamebaki, kundi la jiko la tatu. Sikuwa nimeyaona. Ulisema, “Mama, na hawa je?” Nilikujibu kwamba ndivyo vita vilivyo. Ulilia mpaka baba yako akaja kuuliza nani amekupiga.

Baadaye nilikuambia kwamba ulikuwa na mjomba aliyepotea kwenye vita vya Burundi, jina lake Simoni. Hiyo ilikuwa nusu. Chukua na nusu nyingine.

Tulipokimbia nilikuwa mdogo, lakini si mdogo wa kusahau. Tulikuwa kundi kubwa, watoto wa Bibi yako, watoto wa mdogo wake, watoto wa majirani ambao wazazi wao hawakujulikana walipo. Tulishuka bondeni, tukapita kwenye mafunjo, tukavuka maji, tukapanda upande huu. Huku nyuma watu walikuwa wanasema njia imefungwa, hakuna anayepita tena. Baba yake mdogo Bibi ndiye aliyekuwa akituongoza. Alisimama juu ya kilima akauliza, “Wote mpo?” Wakubwa wakaitika, “Wote.” Hakuna aliyetunyooshea kidole na kusema mmoja, wawili. Ungehesabuje watoto usiku wa kifo? Ungekuwa unawaita wafe.

Kesho yake jioni mtu mwema alitupa sufuria na maharage kidogo. Bibi yako akapika. Akapakua kwa mkono aliouzoea, kwenye majani, hajaangalia nani ni nani. Alipomaliza akatazama ndani ya sufuria, na chakula kilikuwa kimebaki. Ndipo akaanza kutazama nyuso zetu.

Namkumbuka alivyosimama na upawa mkononi. Hakupiga kelele. Alianza kutembea kurudi tulikotoka, na upawa wake, na wanaume wakamkimbilia wakamshika. Walimwambia hatuwezi kuhatarisha wote kwa ajili ya mtoto mmoja. Watu walewale ambao hawahesabu watoto, siku hiyo walijua kuhesabu vizuri sana.

Silaumu. Mimi nipo hai kwa sababu walimshika. Lakini sijawahi kukubali kwamba walikuwa sahihi, na sitakubali, hata unipe jemadari wa kweli mwenye nyota mabegani aje anieleze.

Kule Lukole, siku ya kuandikishwa, karani alimuuliza, “Una watoto wangapi?” Bibi akasema, “Sijui hesabu, najua majina.” Akayataja. Simoni akamtaja mahali pake, kati ya mimi na dada yangu. Karani akahesabu mwenyewe kwa vidole, akaandika. Kwa hiyo chakula cha Simoni kilikuja pamoja na chetu, na Bibi alikipika na kukipakua, na mtoto yeyote aliyepita mlangoni saa hiyo alikaa akala. Wengine waliijua saa wakawa wanapita makusudi. Kuna watu wazima wenye ndevu leo, huku Ngara na kule Burundi, waliokula sahani ya Simoni na hawajui.

Sasa rudi kwenye mkeka. Ulisusa mchezo wiki nzima. Halafu jioni moja ukaja mwenyewe, ukatandika mkeka, ukapanga magunzi, ukasema, “Turudi tukawachukue.”

Nilikupinga kama bosi wako anavyokupinga. Nikakuambia daraja limeungua, ukingo umeshikwa, adui hasinzii, na mfalme wao anahesabu ngao zetu kila asubuhi na jioni. Akiona zimepungua atajua kuna waliotoka, atawatafuta. Hakuna njia. Uking'ata kidole gumba, ukasema, “Basi tuende mchana. Wakati wa kula.”

Mimi nikacheka. Wewe hukucheka. Ukanipangia yote, na mpaka leo sijasikia mpango mzuri kuliko ule.

Jeshi lote likaketi mchana kweupe ukingoni mwa Rumira, Wasiolala wanatazama kutoka ng'ambo. Kila mtu akaweka ngao chini mbele yake. Majiko yakawashwa, masufuria yakaletwa, watu wakaanza kula na kuimba na kucheka kwa sauti. Mfalme wa majivu akahesabu ngao. Zote zipo. Akahesabu tena. Zote zipo. Hajui kula ni nini, kwa hiyo hakujua kwamba masufuria yale yalikuwa matupu. Jeshi zima lilikuwa linatafuna hewa. Chakula chenyewe kilikuwa kimefungwa kwenye majani ya migomba, na wapishi walikuwa wamekipeleka upande wa juu wa mto, kwenye kona, wakavuka kwa mashina ya migomba yaliyofungwa pamoja. Wapishi hawabebi ngao. Hawakuwa kwenye hesabu ya mfalme. Hawakuwahi kuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Waliwakuta watu wa jiko la tatu wamejificha nyuma ya kilima, wamedhoofika. Wakawalisha kwanza, maana mtu mwenye njaa haogelei. Kisha wakarudi nao.

Ulipofika hapo, mkono wako ulikuwa unanyoosha kuyachukua yale maharage, na mkono mwingine ukatangulia. Bibi yako. Hatukumsikia akiingia. Alipiga magoti kwenye mkeka, na magoti yake yanavyomuuma, akayavusha juu ya kanga yangu moja baada ya jingine, polepole, akayaweka pamoja na wenzao. Hakuhesabu. Aliyataja kwa majina. Midomo yake ilikuwa inakwenda, na wewe uliniuliza anasali? Nilikuambia ndiyo.

Huo ndio mchezo tu.

Kwa hiyo bosi wako anaposema hakuna jeshi linalorudi nyuma kwa ajili ya watu wa jikoni, mwambie hajui vita. Sizungumzi huruma sasa, nazungumza mbinu. Askari anayejua atafuatwa hupigana kwa namna nyingine kabisa na askari anayejua ataachwa. Baada ya daraja, hatukushindwa tena, unakumbuka? Si kwa sababu Kazuba alipata silaha mpya. Ni kwa sababu kila harage kwenye ule mkeka lilijua kuna mtu ataangalia ndani ya sufuria. Wasiolala walikuwa wengi zaidi mpaka mwisho. Wakianguka, mfalme alibadilisha namba tu. Ukiwaondoa wapishi, umebaki na majeshi mawili ya Wasiolala yanayopigana, na mchezaji atauweka huo mchezo chini kabla chai haijapoa.

Na Kazuba wakimfanya binti wa kupendeza, nani atakayeamini kwamba amepika?

Najua kukata hadithi, Deo, ndiyo maana nalia juu ya hili. Nilipoolewa, mama mmoja wa hapa aliniambia kwa nia njema, usiseme umetoka kambini, watu watakuona mtu wa kupita. Nilikuwa nimewahi kulima vibarua Runazi msimu mmoja. Basi nikawa mtu wa Runazi. Kanisani, sokoni, kwenye kikundi cha akina mama, mimi ni wa Runazi. Ilikuwa rahisi, haikuumiza mtu, ilipunguza maswali. Bibi yako alipokuja kuishi nasi, jirani alimwamkia, “Shikamoo mama, karibu, habari za Runazi?” Bibi akaitika marahaba, akaniangalia. Jioni wakati wa kula akaniuliza, “Runazi ni wapi kwetu?” Nilikuwa nimemwondoa yeye, nimemwondoa Simoni, nimeondoa sufuria na upawa, ili hadithi iende kasi.

Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye kikundi nikasema mimi ni wa Lukole, na kabla ya Lukole ni wa ng'ambo, na mama yangu ni huyu. Wawili watatu walinuna. Mmoja alinijia baadaye nyuma ya kanisa akaniambia na yeye katoka huko, ila hajawahi kumwambia mumewe. Mimi bado nipo, migomba yangu bado inazaa. Aliyetaka kununa amenuna mpaka amechoka.

Sikuambii ukagombane. Najua utasema mama anataka nifukuzwe kazi siku ya kwanza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wewe utakuwa mgeni mezani pale, nalijua hilo. Lakini jemadari asiyejua kilima cha kuachia atapoteza vyote. Kwa hiyo waachie vilima. Wakitaka joka, wape joka, hata la vichwa saba, sikuwahi kuwa na ubaya na majoka. Wape nguo za askari, wape rangi ya anga, wape jina la mto wakiliona gumu kutamka. Wacheze na ramani zako wanavyotaka. Kila wakichukua kitu watajiona wameshinda, na mtu anayejiona ameshinda hulegeza mkono. Halafu ukifika kwa wapishi, usiseme tutaangalia. Sema hapana. Neno ni fupi, halihitaji shule. Kisha nyamaza. Usijieleze sana, maana ukianza kujieleza utaanza kupunguza, na mimi nakujua wewe una moyo laini, utapunguza mpaka ubaki na mwiko bila mpishi.

Wakisema bila hivyo hakuna kazi, kunja ramani zako upande basi urudi nyumbani. Mahera ilianza kwenye udongo wa Lukole bila umeme wala kompyuta, haitakufa kwa kukosa ofisi ya Mwanza. Mkeka upo. Maharage ya msimu huu yamekubali. Baba yako atanuna siku mbili, ya tatu atakuuliza Wasiolala wamefikia wapi, kwa sababu anajifanya hasikilizi na anajua kila kilima kwa jina.

Na wakikubali, wafundishe. Kaa nao wakati wa kula. Usile umeinamia simu. Angalia nani hajaja.

Bibi yako hajatoka ndani tangu Jumapili isipokuwa kwa sala, unadhani ana mafua. Hana mafua. Alfajiri atakushika kichwa akubariki, na hatakuambia lolote kuhusu wapishi, kwa sababu hajawahi kuomba kitu chochote kwa mtu yeyote tangu siku ile walipomshika mikono. Ndiyo maana nakuomba mimi. Hapana, sikuombi. Nakuamuru, jemadari ni mimi bado.

Kesho jioni nitasonga ugali wa muhogo kwa kipimo kilekile cha siku zote. Baba yako atachungulia sufuria aseme, “Mama Deo, umezidisha, mtoto si ameondoka?” Nitamwambia sijazidisha. Nitapakua ya kwake, ya Bibi, ya kwangu. Nitapakua ya Simoni, na mtoto wa jirani ataila, anajua saa. Kisha nitaangalia ndani ya sufuria, na chakula kitakuwa kimebaki, na sitakipunguza kesho yake wala mwezi ujao wala mwaka. Ukikwama huko, usihangaike kutafuta namna ya kutuambia. Tutakuwa tumekwisha kujua, na safari hii hakuna mwanaume atakayetushika mikono.

Mama yako,
wa jiko la tatu